Minyoo wa Uani

Mama Pasi alikuwa kwenye kola ya shati jeupe mbwa alipoanza kukohoa chini ya meza. Hakuinama kumtazama. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, na pasi ya mkaa ikishashika huiweki chini kwa sababu ya kikohozi. Ukichelewa kidogo inapoa, ukizembea kidogo inaacha doa la kahawia kwenye nguo ya mtu. Alimaliza kola, akageuza shati, akaanza bega. Ndipo kikohozi kikageuka mkoromo, kisha ikaja ile sauti ya mtu anayejikamua kutapika na tumboni hamna kitu.

"Mwanangu," mama mkwe wake aliita kutoka kitandani, "huyo mnyama anakata roho?"

"Amepaliwa tu, mama."

Hakuwa amepaliwa. Mama Pasi alipoinama aliona sakafuni, kando ya beseni la nguo za wateja, fundo la vitu vyeupe, vyembamba, virefu kama kamba za viatu zilizofungana ovyo. Fundo lilikuwa linajikunja. Mbwa alikuwa amejibanza ukutani, mkia kati ya miguu, akiliangalia kwa aibu kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Alikuwa na mbwa huyo kwa majuma mawili tu. Kabla yake, wezi waliingia uani wakaanua nguo zote zilizokuwa kwenye kamba, kuanzia mashuka hadi soksi, na Mama Pasi akafua na kupiga pasi bure kwa miezi ili kuwafidia wenye nguo. Kwa hiyo familia moja aliyokuwa akiifulia ilipohama na kumwacha mbwa wao amefungwa kwenye geti bila hata maji, yeye alimfungua akaja naye. Mbwa aliingia chumbani, akazunguka, akajitupa juu ya tita la mashuka machafu. Mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu na kubakiza vivuli tu, alinyoosha mguu akapapasa. "Hili shuka lina joto," alisema. Jina likapatikana hapo hapo: Shuka.

Tangu siku hiyo bibi alilala nyayo zake zikiwa juu ya mgongo wa mbwa, akaacha kulalamikia baridi ya mifupa. Alikuwa mama wa mume, na mume mwenyewe hakuwepo. Alikwenda mbali kutafuta kazi, akapata kazi na mke pia, na mama yake akabaki na mkamwana. Watu wa uani walitania kwamba Mama Pasi alishindwa kesi ya mume lakini akashinda ya mama mkwe.

Tumbo la Shuka lilikuwa limejaa kama mpira huku mbavu zikionekana zote. Mama Pasi alidhani ni njaa ya zamani, akamwongezea makombo. Sasa alijua makombo yalikuwa yakienda wapi.

Alikuwa bado anatafuta kipande cha gazeti cha kuzolea lile fundo pale Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili, alipoingia na kijiko cha bati kuomba makaa ya kuwashia jiko. Mgongoni alikuwa amembeba mmoja wa mapacha wake, yule wa kike, ambaye siku zile hakutaka kushuka chini. Mama Pacha aliangalia sakafuni. Kijiko kikamponyoka.

"Mungu wangu! Kumbe ni huyu!"

"Subiri, shoga, usipige kelele..."

"Nisipige kelele? Mwanangu jana katapika mdudu kama huyo huyo! Kwa mdomo! Nimempeleka zahanati, nesi ananiambia dawa hakuna, eti angalia anakula nini. Kumbe naishi na kiwanda cha minyoo hapa jirani!"

Hakuwa mwanamke mbaya. Mama Pasi alimfahamu vizuri. Walikuwa wakishikiana watoto, vyombo na siri. Lakini hofu ya mtoto ikimwingia mtu haichagui wa kumwangukia. Kelele zilileta watu. Akaja Fundi Redio, mzee wa chumba cha kona aliyetengeneza redio zilizokufa, bisibisi ikiwa sikioni. Wakaja wengine wakasimama mlangoni. Kila mwenye mtoto akakumbuka ghafla kwamba wa kwake naye tumbo limevimba, wa kwake naye anasaga meno akilala. Mambo waliyokuwa wakiyaona mwaka mzima yalipata mwenyewe asubuhi moja.

Mwisho akaja Kaimu, mswaki mdomoni. Mwenye nyumba hakuwahi kuonekana na mpangaji yeyote. Huyu ndiye aliyekusanya kodi kwa niaba yake, na jina la Kaimu alilipokea kama cheo. Alitema povu kwenye mfereji, akaangalia fundo, akamwangalia mbwa.

"Jioni nisimkute."

"Kaimu, nitamtibu. Ni minyoo tu, ina dawa."

"Nyumba hii ni ya watu. Jioni nisimkute. Ukiona huwezi kumtoa, toka naye, na bibi yako mbebe."

"Akitibiwa akapona je?"

Kaimu alisukutua, akafikiri. "Mlete nimwone," alisema, karibu kwa upole.

Mama Pasi alishika neno hilo kwa mikono miwili. Aliyamwaga jikoni makaa yaliyokuwa bado mekundu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamweka Shuka kwenye tenga la nguo kwa kuwa miguu ilikuwa haimbebi sawasawa, akajitwisha kichwani.

Ofisi ya mifugo ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, na kwenye uwanja wake hapakuwa na mfugo hata mmoja. Afisa mwenyewe, ambaye watu walimwita Bwana Mifugo, alikuwa mezani akichambua karanga kwenye kurasa za gazeti. Alilichungulia tenga bila kusimama.

"Huyu ni mbwa."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ana minyoo. Leo kawatapika."

"Mama, hapa ni mifugo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku. Mbwa anakupa maziwa?"

"Ananilindia nguo."

"Basi mpeleke polisi." Alicheka mwenyewe, akatia karanga mdomoni. "Dawa hakuna. Imekwisha."

Nyuma yake kulikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati maboksi yamepangana hadi juu, kila moja lina picha ya mbuzi. Mama Pasi aliyaangalia. Bwana Mifugo akageuka naye akayaangalia, kama mtu anayeonyeshwa jambo geni.

"Hizo zina wenyewe," alisema.

Mama Pasi hakuondoka. Alishusha tenga, akakaa kwenye benchi, akaweka mikono mapajani. Hakuwa na maneno ya kumbembeleza mtu mwenye kabati. Bwana Mifugo alirudi kwenye karanga zake, lakini benchi lilikuwa mbele ya macho yake, na hatimaye aliiona ile mikono, na makovu ya moto yaliyopanda toka vidoleni hadi juu ya kiwiko.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Napiga pasi."

Uso wake ukachangamka. Wakubwa kutoka makao makuu walikuwa wanakuja kesho yake kukagua. Mapazia yote ya ofisi yalikuwa yamefuliwa na kuachwa kwenye kiti, yamejikunja kama majani makavu. Na suti yake pia, alisema, ilikuwa ndani ya gari. Na mashati, kwa kuwa wakubwa wanaweza kulala.

Basi pasi ikaazimwa kwa jirani wa ofisi, Mama Pasi akatandika blanketi juu ya meza ya Serikali akaanza. Bwana Mifugo alifungua kabati, akatoa kidonge cha mbuzi, akakipasua kwa meno, akampima mbwa kwa jicho. "Mbuzi mdogo na mbwa wa kadiri hii ni wamoja," alisema, akakitia ndani ya tonge la mkate. Shuka alikimeza kwa shida. Wakamfunga kwenye nguzo ya baraza.

Mchana ulikuwa unapita na mapazia hayaishi. Yalipokwisha ikaja suti. Suti ilipokwisha, karani akaleta gauni lake, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mama Pasi aliendelea bila kuinua kichwa, sikio lake likiwa barazani. Na alasiri Shuka alianza kulia, akajikunja, akatoa vyote pale pale kwenye sakafu. Walitoka wengi kuliko ungedhani mwili ule ungeweza kuwabeba, wengine wamekufa, wengine bado wanajinyonganyonga.

"Shamba zima!" Bwana Mifugo alishangilia, kiganja puani. "Umeona dawa ya Serikali? Zoa hao, wachome moto, kisha uoshe hapa. Wakubwa wanakuja."

Aliwazoa, akawachoma kwenye kopo, akapiga magoti akaosha baraza. Akiwa kwenye magoti hapo hapo ndipo alipouliza.

"Mheshimiwa, na watoto? Nyumbani tuna watoto wanatoa hao hao. Wanasema ni huyu mbwa kawaambukiza."

"Wanatoa wazima? Warefu?"

"Kama kamba ya kiatu. Mmoja katapika."

"Hao si wa mbwa," alisema Bwana Mifugo, akijaribu koti lake mbele ya kioo cha kabati. "Wa mbwa wana madhara yao, ndiyo, lakini mtoto hawatoi wakubwa namna hiyo. Hao ni wa watu. Wanatoka kwenye kinyesi cha watu, wanaingia kwenye maji au chakula. Mmechimba choo wapi nyinyi? Chemsheni maji."

"Makaa yamepanda, bwana. Yanayobaki ni ya pasi."

"Basi tena." Aligeuka kuona mgongo wa koti umekaaje.

"Ungeniandikia hata mstari mmoja kwamba si mbwa. Nikawaonyeshe."

Alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Mama, mimi ni wa ng'ombe. Nikiandika mambo ya watu, bwana afya ataniuliza nimeingiaje kwenye idara yake."

Njiani kurudi, tenga lilikuwa tupu kichwani. Shuka alitembea mwenyewe. Alikuwa mwembamba kama mwavuli uliokunjwa, lakini alivuta kamba, akanusa kila kizingiti, na kwenye kona ya soko akasimama kabisa, pua juu, mate yakimdondoka kwa harufu ya chakula. Mama Pasi alicheka peke yake barabarani. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mbwa alikuwa na njaa yake mwenyewe.

Kaimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya geti, mfuko mdogo mweusi miguuni.

"Karibu, mama. Vipi mgonjwa?"

"Amepona, Kaimu. Wametoka wote. Angalia mwenyewe anavyotembea."

"Ee, naona." Aliinama akamkuna Shuka nyuma ya sikio. "Nimefikiri baadaye, nikasema asubuhi nilikuwa mkali mno. Mnyama naye ni kiumbe." Alifungua mfuko, akatoa kipande cha nyama, akakiweka chini. "Atakuwa na njaa."

Shuka alikimeza bila kukitafuna. Kaimu akampa kingine.

"Asante, Kaimu," alisema Mama Pasi. Alisema kwa moyo wake wote, na akainama kidogo aliposema. "Mungu akubariki."

Chumbani, alikuwa hata hajamaliza kumsimulia mama mkwe habari za mapazia. Shuka alikuwa amepanda mahali pake, nyayo za bibi mgongoni, pale miguu yake ya nyuma ilipoanza kukakamaa. Kisha mwili mzima ukaruka. Akaanguka sakafuni, shingo imepinda nyuma, miguu ikipiga hewa kana kwamba anakimbia, na povu likatoka.

"Dawa imemzidi," Mama Pasi alisema, "dawa ya mbuzi, mama, imemzidi!" Alijaribu kumtia maji mdomoni; meno yalikuwa yamefungana. Bibi alishuka kitandani kwa makalio, akatambaa hadi alipoigusa miguu ile inayopiga, akaishika. Hakuiachia hadi ilipotulia.

Mama Pasi alipotoka nje, Kaimu alikuwa bado kwenye kiti, akichokonoa meno.

"Kamaliza?" aliuliza.

Alisimama pale, mikono imelowa maji na povu. Alikuwa akijisikia mwenyewe akisema asante.

"Nilikwambia jioni nisimkute," alisema Kaimu. "Kamtupe jalalani, na mapema, asije akanuka. Watoto wa watu wataanza kupona sasa."

Hakumtupa jalalani. Alimfunga ndani ya gunia, akaazima jembe kwa Fundi Redio, akaenda nyuma. Ua wote ulikuwa na sementi isipokuwa kipande kimoja, kati ya ukuta wa choo na bomba la maji. Hapo ndipo alipochimba. Alichimba kwa hasira, na mwanzoni hakushangaa kwamba udongo unakubali kirahisi. Kisha ukawa laini mno, mweusi, na harufu ikaja. Upande wa choo, ukuta wa shimo ulianza kutoa maji, taratibu, kama kidonda. Alipiga jembe mara nyingine likagonga chuma.

Alikwangua kwa mkono. Lilikuwa bomba la maji, la chuma cha zamani, lile lile lililopanda hadi kwenye koki waliyotekea wote. Mahali pamoja lilikuwa limepasuka, na mtu alikuwa amelifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli na waya. Vipande vilikuwa vimeoza. Maji meusi ya choo yalipanda, yakazunguka mpasuko. Wakati ule maji ya bomba yalikuwa yamekatika, kama yalivyokatika kila siku, na bomba lilikuwa linakoroma kama kawaida yake. Siku zote walidhani ni upepo. Mama Pasi aliona sasa kwamba lilikuwa linakunywa.

"Njooni!" alipiga kelele. "Mama Pacha! Fundi! Njooni mwone!"

Walikuja, wakazunguka shimo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama Pacha alilitazama lile jeraha la bomba, akaitazama koki juu yake, akapeleka mkono nyuma akamshika mtoto mgongoni. Fundi Redio alichuchumaa.

"Mpira wa baiskeli," alisema. "Kazi hii mtu kaifanya anajua anachofanya."

"Bwana Mifugo kaniambia," alisema Mama Pasi. "Minyoo ya watoto si ya mbwa. Inatoka chooni. Tunainywa."

"Bwana Mifugo anatibu watu siku hizi?" Kaimu alikuwa amefika nyuma yao. Mtu mmoja alicheka kabla hajajizuia. Kaimu aliangalia shimo, wala hakuonyesha kushangaa, na hilo watu waliliona. Walikumbuka pia madumu yake ya maji, yaliyoletwa kwa mkokoteni kutoka mtaa mwingine, ambayo siku zote waliyasema kuwa ni maringo.

"Ulijua," alisema Mama Pasi.

Kaimu alitoa simu mfukoni.

"Namba ya bwana afya ninayo," alisema, sauti ya chini, kama anayewataka ushauri. "Nimpigie? Atakuja kesho asubuhi. Ataandika kwa rangi nyekundu mlangoni kwamba nyumba haifai kukaa watu, na mchana vitanda vyenu viko barabarani. Mwenye nyumba atachimba choo kipya, atapaka rangi, ataweka watu wengine kwa bei nyingine. Mimi sipotezi kitu. Haya. Nani anasema nipige?"

Alimnyooshea Fundi Redio simu. Fundi Redio aliipanga upya bisibisi sikioni. Alimnyooshea aliyefuata, na aliyefuata. Alifika kwa Mama Pacha.

"Wewe ndiye mwenye mgonjwa. Shika, upige mwenyewe."

Mama Pacha aliiangalia simu kwa muda mrefu. Kisha alimpita, akalichukua jembe.

"Mama Pacha," alisema Mama Pasi.

"Nina wawili, dada." Hakuinua macho. "Niende nao wapi?"

"Fukieni, na mbwa wenu humo humo," alisema Kaimu.

Fundi Redio alilivuta gunia kwa pembe moja, akalisukuma ndani. Gunia lilielea juu ya maji meusi. Mama Pacha alitupa udongo, likazama upande, likaibuka. Alitupa tena, likaibuka tena. Aliligandamiza kwa mgongo wa jembe, akihema, na mtoto mgongoni akachungulia begani.

"Mama, Shuka anaoga?"

Mama Pacha aliendelea kugandamiza, machozi yakimshuka hadi kidevuni na mikono yake miwili haina nafasi ya kuyafuta. Mama Pasi alimwangalia mpaka akashindwa. Alimsogelea, akashika mpini.

"Lete," alisema. "Una mtoto mgongoni."

Akalifukia shimo mwenyewe, mpaka ardhi ikawa sawa. Kaimu alipakanyaga kwa kiatu, akaridhika, akaenda zake.

Maji yalirudi kabla ya giza. Koki ilipiga chafya, ikatema kutu, kisha yakatoka meupe, safi kwa macho. Ndoo zilikuwa zimezunguka pale, na kwa kitambo hakuna aliyetangulia. Halafu mtu mmoja alisogeza ya kwake, mwingine akalalamika kwamba ameruka foleni, na foleni ikajipanga kama siku zote.

Chumbani, mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imening'inia, akitafuta kwa nyayo zake kitu ambacho hakikuwepo.

"Mwanangu," alisema, "nipe maji ya kunywa. Koo limenikauka."

Mama Pasi aliangalia kwenye jiko. Palikuwa na majivu tu ya yale makaa aliyoyamwaga asubuhi. Alichukua ndoo, akatoka, akasimama nyuma ya Mama Pacha.